Uzito wa Neno la Nia

Katika soko la Mugango, kando ya Ziwa Viktoria, si ajabu mtu kuinuka katika benchi la mama ntilie, akajipangusa, akageuka kuelekea barabarani, na huku akiwaambia wenzake, "Nakuja." Wenzake huitikia, "Haya," nao huendelea na chai yao. Hapana anayestaajabu kwamba mtu asemaye anakuja anakwenda zake. Akirudi baada ya dakika 5, vema. Akirudi baada ya saa 2, vema vilevile. Asiporudi kabisa, kesho yake ataulizwa habari za nyumbani wala hataulizwa kwa nini alisema uongo. Lakini mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani, akabaki katika benchi lile akimngoja, huondoka mwishowe na hasira, na moyoni mwake amekwisha kuhukumu kwamba watu wa ufuko ule hawana neno. Mwenyeji naye akizungumza Kiingereza huichukua desturi hiyo pamoja naye. Humwambia Mwingereza kwamba anakuja, kwa Kiingereza kisicho na kosa la sarufi, kisha humpa kisogo akatoka mlangoni. Mwingereza hubaki akiutazama mlango.

Wengi hukisimulia kisa cha namna hii kwa kucheka tu. Walakini ndani yake mna swali lisilostahili kicheko peke yake. Mtu anapotaja nia yake kwa maneno mepesi, ampa msikilizaji kitu gani? Je, amempa ahadi, ambayo kwa methali ya Kiswahili ni deni? Au amempa habari ya moyo wake kwa wakati ule, kama mtu asemavyo kwamba kichwa kinamwuma, habari ambayo saa ya pili yaweza kugeuka bila ya kosa la mtu? Swali hili lawahusu wote wenye ulimi, lakini lawabana zaidi watu waishio kwa lugha mbili au tatu, kama waishivyo watu wa Mugango, ambao Kikwaya, Kiruri na Kijita ni lugha za nyumbani, Kiswahili lugha ya soko na serikali, na Kiingereza lugha ya masomo ya sekondari ya watoto wao. Kila lugha ina mizani yake ya kupimia maneno ya nia, na mizani hizo hazipatani.

Yafaa kwanza kutazama mizani hizo zilivyotengenezwa. Wataalamu wengi wa lugha hukubali kwamba kiambishi "-ta-" cha wakati ujao katika Kiswahili kimetokana na kitenzi "kutaka". Ushahidi haukufichwa mbali. Mtu husema "atakuja", lakini akitia kirejeshi husema "atakayekuja", na pale katikati neno "taka" hutokeza zima, kama mfupa uliobaki katika mchuzi. Kwa hiyo "nitakuja" katika vinywa vya watu wa kale ilikuwa habari ya matakwa: ataka kuja, basi, kama atafika ni jambo jingine. Kiingereza kilipita njia iyo hiyo. Neno lake la wakati ujao, "will", zamani lilikuwa na maana ya kutaka. Lakini Kiingereza kilikuwa na neno la pili la kazi hiyo, "shall", na asili yake si matakwa. Asili yake ni kuwiwa, yaani kuwa na deni. Mwingereza wa kale alikuwa na milango miwili ya kuuendea wakati ujao, mmoja wa kupenda na mmoja wa kudaiwa, na kila mara aliposema juu ya kesho alichagua apite wapi.

Walimu wa sarufi waliitunza tofauti hiyo kwa bidii, au walau kivuli chake, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vilikaririshwa kanuni ndefu juu ya nafsi ipi ichukue neno lipi. Kanuni hiyo ilikuwa imekwisha kuchakaa kwa wenye lugha wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku ya Waingereza na Wamarekani maneno yote mawili yamekatwa mpaka ikabaki sauti moja ya "l" iliyoning'inia mwishoni mwa nafsi, na msikilizaji hawezi kujua kama ni mabaki ya pendo au mabaki ya deni. Pengine sauti hiyo nayo huachwa, wakasema "going to", yaani wako safarini kulielekea tendo. Luganda, lugha ya ng'ambo ya ziwa, ina wakati ujao wa karibu na wakati ujao wa mbali, na ule wa karibu umejengwa kwa kitenzi cha kuja. Mtu wa Mugango asemaye "Nakuja" huku akienda hayuko peke yake. Safari ni sitiari ambayo lugha nyingi zimeishika kwa ajili ya nia, pengine kwa kuwa aliye njiani aweza kurudi nyuma bila ya kuvunja kitu.

Kiingereza cha vitabuni humpa msomaji picha ya lugha iliyonyoka. Kiingereza cha mdomoni ni kitu kingine. Mwingereza anayetaka kumtembelea rafiki Jumamosi aghalabu hasemi kwamba atakuja. Husema kwamba alikuwa akifikiri kuja, kana kwamba fikira ile ilimpita jana na sasa anaitaja kwa ajili ya historia tu. Akipokewa vema, fikira huwa hai tena. Akiona uso umekunjwa, imekwisha kupita, wala hapana aliyeaibika. Husema kwamba adhani huenda, kwamba yu karibu kuamua, kwamba ni kama anataka, na neno la kupunguza hutanguliwa na jingine la kupunguza. Yuko pia yule anayemwambia mgeni kwamba hapana budi waje kunywa chai siku moja, kwa neno la sharti, lenye nguvu kuliko yote, na maana yake si zaidi ya kwaheri njema. Mwanafunzi kutoka Mara akiambiwa hivyo katika mji wa Uingereza aweza kuvaa koti lake zuri Jumapili akaenda kunywa chai hiyo. Atakayemfungulia mlango atakuwa na taabu ya kuficha mshangao.

Kwa sababu hiyo halina msingi lile dai lisikikalo vyuoni, kwamba Kiingereza ni lugha ya watu wasemao kwa kipimo na Kiswahili ni lugha ya kuzungukazunguka. Aliyebisha hodi kwa jirani hapa Afrika ya Mashariki husema, "Nilikuwa na shida kidogo," na hali shida anayo vilevile, imemleta mlangoni. Ameiweka katika wakati uliopita kwa adabu iyo hiyo ya Mwingereza, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kukataa. Lugha hizi mbili zafanana kwa wingi wa ulegevu wake. Zinapotofautiana ni mahali pa kuuweka. Mwingereza huuweka katika kitenzi, akakilegeza mpaka kikaweza kukunjwa. Mswahili hukiacha kitenzi kigumu, "nitakuja", akauweka ulegevu nje yake: katika "tukijaliwa", katika "Mungu akipenda", katika sauti, katika idadi ya mara alizolirudia neno. Asemaye "Nitakuja" mara moja, akabadili mazungumzo, hakusema sawa na yule aliyesema "Nitakuja, nitakuja kabisa." Na asemaye "Kuja nitakuja" amekwisha kumtahadharisha mwenziwe, kwa kuwa tendo lililotangulizwa namna hiyo aghalabu hufuatwa na "lakini", hata kama "lakini" yenyewe haikutamkwa. Mgeni asiyeyasikia haya husikia kitenzi peke yake, akaenda akakaa katika benchi.

Juu ya "Mungu akipenda" yafaa kusimama kidogo. Kurani, katika Sura ya Pango, yamkataza mtu kusema juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila ya kuliambatisha na mapenzi ya Mungu. Na Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya 4, wawaonya wafanya biashara wanaopanga kwenda mji fulani kukaa mwaka na kupata faida, nao hawajui ya kesho. Waislamu na Wakristo wamefundishwa neno moja, na kwa sababu moja: asemaye juu ya kesho asema juu ya mali isiyo yake. Fundisho hilo lilikuwa kizuizi cha kiburi. Leo, katika vinywa vingi, "inshallah" imegeuka kuwa njia ya upole ya kukataa. Fundi akiulizwa kama suruali itakuwa tayari Ijumaa, akasema "Inshallah" na macho yake yakatazama pembeni, mwenye suruali ajua kwamba Ijumaa haimo. Haielekei kwamba Mungu ndiye asiyependa suruali ile iishe.

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba mambo haya ni ya adabu na desturi, nayo hujifunzwa kwa kukaa na watu. Laiti ingekuwa hivyo. Na tuseme kuna mama mmoja wa Kiabakari anayefanya biashara ya dagaa, na tajiri mmoja mwenye mitumbwi katika ufuko wa Mugango. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni za betri na za jua. Lakini taa iwe yoyote, haishindani na mwezi, na kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, wakatengeneza nyavu, wakangoja giza. Mama amekuja katika siku hizo za mapumziko. Amemwamkia mzee huyo kwa heshima, wamezungumza juu ya bei, na mwisho amesema kwamba atahitaji ndoo 10. Tajiri amejibu, "Usijali, mama. Giza likirudi nitakuwekea." Kisha wameagana.

Mama huyo amerudi Kiabakari na neno "nitakuwekea" amelifunga katika kitambaa kama fedha. Amekopa katika kikundi chao cha akina mama, kwa riba, na marejesho ni ya kila juma. Amepatana na mwenye gari dogo. Amewaambia wateja wake wa Butiama kwamba siku ya mnada watapata dagaa. Giza limerudi, dagaa wamevuliwa, wakaanikwa, wakakauka vizuri, na asubuhi moja amekuja mnunuzi kutoka Mwanza na fedha mkononi akachukua wote. Mama anafika saa 4 na magunia matupu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama. Umechelewa kidogo." Anapomkumbusha maneno yao, tajiri hakasiriki wala haoni haya. Anasema kwa upole wa kweli, "Mama, mimi nilisema tu."

Neno hili dogo, "tu", ndilo lenye kesi yote. Tajiri hakukana kwamba alisema. Alichokana ni kwamba kusema kwake kulikuwa tendo. Na pengine asema kweli juu ya moyo wake: siku ile, ufukoni, alikuwa na nia njema ya kumwekea. Nia ilikuwapo, ilipokuja fedha ya Mwanza ikaondoka. Hakusema uongo, ikiwa uongo ni kusema kinyume cha kilichomo moyoni. Walakini mama ana deni katika kikundi, ana gari la kulipia, na wateja wa Butiama hawatamwamini tena upesi. Hasara imetokea, nayo imetoka katika neno ambalo mwenyewe asema halikuwa na uzito.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni ukali. Mugango yenyewe imewahi kukaa na watu wa imani hiyo. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimenno kutoka Marekani walianza kazi Shirati, kaskazini ya Musoma, na baada ya miaka michache walikuwa na kituo Mugango. Kanisa lao ni moja katika makanisa yaliyoshika, tangu Ungamo la Schleitheim la mwaka 1527, kwamba Mkristo asiape kabisa. Wanalitegemeza katazo hilo juu ya sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, inayofundisha kwamba neno la kukubali na neno la kukataa yajitoshe yenyewe. Hoja yake ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aapaye mahakamani ili aaminiwe amekiri kwamba nje ya mahakama maneno yake ni ya namna nyingine. Kiapo chaleta daraja mbili za usemi, na daraja ya chini hugeuka kuwa mahali pa kutupia takataka. Basi na iwe daraja moja tu, ya juu. Kwa kipimo hicho "nitakuwekea" ni sawa na kiapo, na tajiri wa mitumbwi ameanguka.

Lakini kipimo hiki kikifuatwa mpaka mwisho kinadai kitu kisichofaa kudaiwa. Mtu hawazi kwanza akamaliza ndipo akasema. Sehemu kubwa ya kuwaza kwake huifanya kwa sauti, mbele ya wenzake, na ndiyo faida ya kuwa na wenzake. Mzee asema jioni, "Naona mwaka huu nitapanda muhogo kule bondeni." Mmoja amwambia kwamba maji yatauozesha. Mwingine amkumbusha mipaka ya shamba la ndugu yake. Asubuhi hapandi, wala hapana anayemdai muhogo. Lau neno lake la jioni lingalimfunga, asingalilisema, na shauri la wenzake asingalilipata; muhogo ungaliozea bondeni kwa sababu ya ukali wa maadili. Jamii ambayo kila neno la nia ni ahadi itakuwa jamii ya watu wanyamavu, wenye kushtukizana kwa matendo yaliyokwisha kukatwa shauri. Maneno mepesi ya Waingereza, yale ya kusema kwamba mtu alikuwa akifikiri, na "naona" ya mzee wa Mugango, ni vyombo vya kazi hiyo ya heshima. Kuyafuta ni kuvunja baraza.

Kinyume cha ukali huo ni maoni kwamba hufunga maneno maalumu tu. Mtu aliposema "naahidi", au alipotia sahihi, ndipo amefungwa. Mengine yote ni upepo. Wako waliodhani kwamba maoni hayo yana nguvu kutoka kwa J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, ambaye katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, ikachapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba asemaye "naahidi" hatoi habari ya ahadi iliyo mahali pengine. Kule kusema ndiko kuahidi. Wasomaji wa haraka hugeuza jambo hilo, wakasema kwamba pasipotamkwa neno la ahadi hapana ahadi. Austin mwenyewe hakusema hivyo. Alijua kwamba kauli kama "nitakuwapo" yaweza kuwa ahadi na yaweza isiwe, na kwamba umbo lake halitatui shaka hiyo. Zaidi ya hayo, alimchoma yule anayejitetea kwamba ulimi wake ulisema lakini moyo wake haukukubali. Utetezi huo hujionyesha kuwa wa kina na wa kiroho, kumbe kazi yake ni kumfungulia mlango mdanganyifu. "Nilisema tu" ni mtoto wa utetezi huo, aliyezaliwa Afrika ya Mashariki na mwenye adabu zaidi.

Anayesaidia zaidi katika kesi hii ni G. E. M. Anscombe, katika kitabu chake juu ya nia kilichotoka mwaka 1957. Aliona kwamba mtu asemapo yu karibu kutapika anabashiri, na asemapo yu karibu kwenda kutembea anataja nia, ingawa kauli ni moja. Na neno la nia si ubashiri uliopunguzwa nguvu. Mfano wake wa maarufu ni wa mtu anayezunguka mjini na karatasi ya vitu vya kununua, na nyuma yake mpelelezi anayeandika kila anachokinunua. Karatasi mbili zaweza kufanana neno kwa neno. Lakini vitu vikihitilafiana na karatasi ya mpelelezi, aliyekosea ni mpelelezi, naye atairekebisha karatasi. Vikihitilafiana na karatasi ya mnunuzi, kosa limo katika kununua kwake, wala haliondoki kwa kufuta neno akaandika jingine. Sasa mtu na amtazame tajiri wa mitumbwi kwa taa hiyo. Asubuhi ile ya mnunuzi wa Mwanza, neno lake na tendo lake vilihitilafiana. Yeye alilitendea neno lake kama karatasi ya mpelelezi: mambo yamebadilika, basi na maneno yabadilike, tena yabadilike kimya. Hakuona kwamba karatasi ile ilikuwa ya kununulia, na kwamba nakala yake moja ilikuwa Kiabakari, mikononi mwa mtu aliyekuwa akinunua kwa kuifuata.

Nakala hii ya pili ndiyo inayopasa kutazamwa. Nia ikiwa moyoni mwa mtu ni mali yake, aweza kuigeuza kutwa mara 10. Ikisemwa mbele ya mtu asiye na cha kufanya juu yake, kama muhogo wa mzee, bado ni mali ya msemaji. Lakini ikisemwa kwa mtu ambaye ataijengea juu yake, na msemaji ajua au ingempasa kujua kwamba ataijengea, imekwisha kuwa mali ya wawili. Umbo la kitenzi halihusiki sana. Mwenye mitumbwi alijua kwamba mama wa dagaa hakuja Mugango kupunga upepo. Mwenye benchi, kinyume chake, ajua kwamba wenzake wanakunywa chai, na kuja kwake au kutokuja hakuwagharimu kitu. Neno moja lina uzito pale na halina uzito hapa, na anayetofautisha ni msikilizaji na mzigo wake.

Na mizigo si sawa. Hili ndilo jambo ambalo wanafalsafa wa Oxford, waliokuwa wakiahidiana chai na vitabu, hawakulazimika kulitazama sana. Mwenye nguvu huwa na ruhusa ya kusema kwa ulegevu. Husema "nitaangalia", "tutaona", "nitakukumbuka", na hapana amdaiye. Mnyonge hana ruhusa hiyo. Kikundi kilichomkopesha mama wa dagaa hakikumwuliza kama alikuwa akifikiri kulipa. Kilitaka kiasi, siku na dole gumba. Hivyo maneno mepesi hushuka kutoka juu, na maneno mazito hudaiwa kutoka chini, na aliye katikati hupasuka. Ofisi nazo zina lugha yake ya kushusha. Mwananchi aulizaye juu ya jambo lake huambiwa kwamba mchakato unaendelea, au kwamba wahusika wako mbioni. Kitenzi chenye nafsi kimetoweka. Mchakato hauna uso wa kutazamwa, na walio mbioni hawana siku ya kufika. Sitiari ya safari imerudi tena, ila sasa msafiri hajulikani.

Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, karibu na Mugango, alifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare iliyo karibu kabisa na jambo hili, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Wengi hukumbuka ratili ya nyama na hukumu ya mahakama. Husahau mwanzo wa deni. Shylock aliuleta mkataba ule kama mzaha, na Antonio akautia sahihi kwa wepesi, kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa, mwenye merikebu nyingi baharini, aliyezoea kwamba maneno humtumikia. Akakubali sharti la kufa kwa namna mtu anavyokubali kikombe cha pili. Miezi 3 baadaye merikebu hazikufika, na mzaha ukawa sheria. Nyerere, aliyeliweka neno "mabepari" mahali ambapo Shakespeare alisema mfanyabiashara mmoja tu, alitaka bila shaka msomaji aone uhusiano wa mali na watu. Msomaji wa Mara aweza kuona na jingine, kwamba Antonio kwa mara moja katika maisha yake alitendewa kama wanavyotendewa wanyonge kila siku: neno lake jepesi lilipimwa kwa mizani nzito.

Ziko njia za kuifanya nia isilegee. Mwezi Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, wa kuyachukua maji ya ziwa na kuyapeleka bara, katika nchi ambayo wanawake wake wamebeba ndoo kichwani tangu zamani. Jiwe la msingi ni kauli ya nia, wala si maji. Lakini ni kauli yenye tarehe, yenye jina la msemaji, na iliyowekwa mahali ambapo kila apitaye aweza kuuliza. Haiwezekani mtu kusema juu ya jiwe kwamba alisema tu.

Mama wa dagaa na tajiri wa mitumbwi hawana haja ya jiwe. Wala haikumpasa tajiri kumwekea dagaa kwa hali yoyote. Naye ana wavuvi wa kuwalipa, na fedha ya Mwanza ilikuwa mkononi. Alichowiwa ni kidogo na cha rahisi. Nia ilipogeuka, alipaswa kuisahihisha ile nakala iliyokuwa Kiabakari. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Dakika moja ya kusema, "Mama, usije, nimepata mnunuzi," ingaliokoa gari, riba na wateja. Wakati ule ule wa ahadi, angaliweza kusema, "Sina hakika, usikope kwanza." Hakusema, pengine kwa kuwa kusema hivyo kungeonekana kukosa ukarimu. Ukarimu wa ulimi ni rahisi sana kwa mtu ambaye hasara haimfikii.

Huenda mtu akauliza kwa nini mama hakujilinda mwenyewe. Wafanya biashara wa soko wanajua kujilinda, na Kiswahili kimewapa chombo ambacho Kiingereza hakikuwapa watu wake kwa ufupi ule. Baada ya hasara ile mama akirudi Mugango, katika mbalamwezi nyingine, atamwamkia mzee kama kawaida, watapatana bei, na tajiri atasema tena kwamba asijali, atamwekea. Hapo hatalichukua neno hilo. Atamtazama usoni na kumwuliza, "Nije au nisije?"

Swali hilo halina mahali pa kuegemea. Halikuuliza habari za moyo wa tajiri wala za kesho. Limeichukua safari ya mama, gari na mkopo, vikawekwa vyote mikononi mwa yule anayejibu. Tajiri atanyamaza kidogo. Atatazama ziwa, atahesabu siku zilizobaki za mwezi, atakumbuka mnunuzi wa Mwanza. "Usije kwanza," atasema. "Nipigie Jumatano."